ISTILAHI ZA NDEGE NA MIENENDO YAO: Tahakiki kwa Mfano wa Misitu ya Kando ya Mito, Bukoba na Muleba

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kupima hali ya istilahi za Kiswahili zinazohusu ndege na mienendo yao. Kipimo tulichokichagua ni mahali halisi, yaani misitu na vinamasi vilivyo kando ya mito ya Bukoba na Muleba, Mkoani Kagera. Huenda wapo watakaouliza kwa nini wanaistilahi washughulike na ndege wakati istilahi za tiba, sheria na kompyuta bado hazijatosheleza. Jibu letu ni kwamba mambo haya hayatengani. Tangu yalipofanywa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania. Miongoni mwa sheria zinazopaswa kusomeka kwa Kiswahili zimo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mfasiri wa sheria hizo na kanuni zake hana budi kutaja ndege, viota, vinamasi na kingo za mito kwa maneno ambayo hakimu, afisa misitu na mkulima watayaelewa kwa maana moja.

Mahali tulipopachagua pana mengi ya kupima. Mto Ngono hupita katika Wilaya za Muleba na Bukoba ukielekea kaskazini hadi kuungana na Mto Kagera. Mto Kanoni, ulio mdogo zaidi, hukatiza mji wa Bukoba na kuingia katika Ziwa Viktoria. Kaskazini zaidi uko Msitu wa Minziro, ambao leo umo katika Wilaya ya Missenyi na zamani ulikuwa sehemu ya Bukoba Vijijini. Msitu huu wenye kilomita za mraba zipatazo 250 hufurikwa na maji ya Mto Kagera kwa majira. Ndani yake wamo makumi ya ndege wa asili ya misitu ya Kongo ambao hawapatikani penginepo katika Tanzania. Nchi nzima ina spishi za ndege zaidi ya 1,100. Swali ni hili: mwalimu akiwapeleka wanafunzi wake kando ya Ngono kuwachunguza ndege, lugha yetu itampa maneno gani ya kueleza wanachokiona?

1. Fasili zisizomtambulisha ndege

Yafaa tukumbuke kwanza kamusi zetu zilikotoka. Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, alijifunza Kiswahili Mombasa. Sacleux, aliyetoa kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, aliishi Unguja na Bagamoyo. Johnson, ambaye kamusi zake zilitoka mwaka huohuo wa 1939, aliifanya kazi hiyo chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na alijenga juu ya msingi huohuo wa pwani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya mwaka 2015 ni warithi wa kazi hizo. Hapana shaka kwamba urithi huu ni wa thamani. Bila ya wakusanyaji hao tungepoteza maneno kama dudumizi, kigong'ota, keremkerem, hondohondo, mnandi na yangeyange.

Hata hivyo urithi huo una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba ndege waliokusanywa ni wa pwani, hivyo ndege wengi wa misitu ya bara hawana jina katika kamusi. Ya pili, ambayo ni nzito zaidi, ni namna ya kufasili. Mara nyingi ndege huelezwa kwa ukubwa na rangi tu: kwamba ni mdogo au mkubwa, ana rangi hii au ile. Fasili ya namna hiyo haimsaidii msomaji kumtambua ndege yeyote. Rangi ya dume yaweza kutofautiana na ya jike, na makinda yaweza kutofautiana na wazazi wao wote wawili. Zaidi ya hayo, mnana dume wa aina nyingi hubadili manyoya kwa majira, akawa wa manjano iliyokolea wakati wa kuzaliana na wa rangi hafifu baada ya hapo. Ukiongeza kwamba katika msitu mnene ndege husikika kabla ya kuonekana, utaona kuwa fasili inayotegemea rangi peke yake inaacha nje alama zilizo bora kuliko zote.

Tunapendekeza kila fasili ya ndege iwe na mambo manne: umbo, mlio, mwenendo na makazi. Chukua mfano wa dudumizi. Yatosha kusema kwamba ni ndege mwenye mkia mrefu na mbawa za rangi ya kahawia-nyekundu, akaaye katika vichaka na majani marefu, hasa karibu na maji, arukaye kwa uzito, na mwenye mlio mzito unaoshuka kwa mfululizo mithili ya maji yanayomiminwa kutoka katika mtungi. Mwanafunzi wa Kamachumu aliyepewa fasili hiyo atamtambua dudumizi asubuhi ya mvua hata kama hajamwona.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, nao ni neno korongo. Neno hili hutumika kwa ndege wengi wenye miguu mirefu walio wa jamii mbalimbali. Hutumika pia, katika ngeli nyingine, kwa maana ya bonde jembamba lililochimbwa na maji. Maana hii ya pili haileti taabu, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi hutenganisha: korongo huyu ni ndege, korongo hili ni bonde. Vivyo hivyo twasema ndege anaruka tukimaanisha kiumbe na ndege inaruka tukimaanisha chombo. Taabu imo ndani ya maana ya kwanza. Yule mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ambaye hucheza kwa kurukaruka na kuinamisha shingo mbele ya mwenziwe, aliwekwa mwaka 2012 katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Yule mwenye kipara anayetafuta mabaki majalalani hayumo katika kundi hilo. Tangazo la serikali likisema tu kwamba ni marufuku kukamata korongo, mwananchi atamfikiria yupi? Jina korongo taji limekwisha kuenea katika maandishi, nalo lafaa. Linalotakiwa ni kulisanifu na kulitumia bila ya kulikata katika hati zote za serikali.

2. Majina yaliyofasiriwa badala ya kubuniwa

Katika miaka ya karibuni wapo waandishi wanaojitolea, hasa katika Wikipedia ya Kiswahili, ambao wamewapa majina ndege wengi waliokuwa hawana. Kazi hiyo yastahili shukrani, na hatusemi hivi kwa adabu tu, kwani wametangulia pale ambapo taasisi zilichelewa. Lakini kazi ya umma hupimwa kwa umma, na baadhi ya majina hayo hayawezi kupita bila ya maoni.

Mfano ulio wazi ni korongo-nyangumi. Huyu ni ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana ajabu, aishiye katika vinamasi kama vile Mabamba nchini Uganda na Malagarasi-Muyovozi magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1850 John Gould alimpa jina la kisayansi *Balaeniceps rex*, ambalo sehemu yake ya kwanza ina maana ya kichwa cha nyangumi. Waingereza nao walimwita kwa mfano wa kiatu. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili alijikuta kati ya nyangumi na kiatu, akachagua nyangumi. Tunauliza: ni mvuvi gani wa Ziwa Viktoria aliyepata kumwona nyangumi? Jina linapaswa kumsaidia asiyejua kwa kumpitisha katika anachokijua. Hapa asiyejua anapitishwa katika kitu kigeni zaidi kuliko ndege mwenyewe.

Tofauti yake ingekuwa nini? Ndege huyu husimama kimya kwa muda mrefu katikati ya mafunjo akivizia samaki, na mmoja wa samaki awapendao ni kamongo. Watu wote wa ukanda wa ziwa wanamjua kamongo. Jina kama korongo mviziakamongo lingetokana na kumtazama ndege, na lingebeba ndani yake makazi, chakula na mwenendo wake. Hatudai kwamba jina hili ndilo la mwisho; kazi ya kuamua ni ya kamati. Tunachodai ni njia iliyotumika kulifikia.

Njia hiyo si mpya. R. E. Moreau, mtafiti wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Usambara, alichapisha mwaka 1942 makala kuhusu namna wenyeji wa sehemu moja ya Afrika Mashariki wanavyowapa ndege majina. Yafaa kukumbuka kwamba mwanasayansi huyo, aliyekuwa na majina ya Kilatini tayari mkononi, aliona faida kuwauliza wenyeji. Mwanaistilahi asiyekuwa na Kilatini hicho ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

3. Istilahi za mienendo

Tukiacha majina tukaja katika vitendo, hali ni ya ajabu kidogo: maneno tunayo, ila hatujayapanga. Kitenzi cha Kiswahili, kwa viambishi vyake vya unyambuaji, ni kiwanda cha istilahi. Kasoro ni kwamba wafasiri wengi hukimbilia nomino za kukopa kabla ya kukitumia kiwanda hicho. Tutatoa mifano mitano.

Wa kwanza ni wa sauti. Maandishi mengi hutumia mlio kwa kila sauti ya ndege. Lakini wachunguzi hutenganisha sauti ndefu ambayo dume hutoa kutangaza eneo lake na kumwita jike, sauti fupi za kujulishana mahali, na sauti ya kuonya hatari. Tunapendekeza mlio libaki neno la jumla, wimbo litumike kwa ya kwanza, mwito kwa ya pili, na kamsa kwa ya tatu. Kamsa ni neno la zamani la pwani lenye maana hasa ya kelele ya kutahadharisha, na ni vyema lifufuliwe.

Wa pili unahusu ndege wawili wanaoimba kwa zamu. Kando ya ziwa na katika mafunjo wamo ndege weusi wenye kifua chekundu ambao dume na jike hupokezana sauti kwa wepisi mno, hata msikilizaji akadhani kuwa ni ndege mmoja. Baadhi ya maandishi hueleza jambo hili kwa maneno mengi, au hukopa istilahi ya muziki wa Ulaya. Kiswahili kinalo neno kuitikiana. Aliyewahi kusikia wimbo wa ngoma wenye kiongozi na waitikiaji hahitaji maelezo zaidi.

Wa tatu ni wa kujionyesha. Mnana dume akimaliza kusuka kiota hujining'iniza chini yake, kichwa chini, akipigapiga mbawa ili jike aje kukikagua. Istilahi maonyesho, inayotumika mahali pengine, humkumbusha msomaji viwanja vya Sabasaba. Tunaona kitenzi kujinadi kinafaa zaidi, kwa sababu kina mambo yote yanayotakiwa: bidhaa, mnadi na mnunuzi anayeweza kukataa. Na jike hukataa mara nyingi, ndipo dume hukifumua kiota na kusuka kingine.

Wa nne ni wa kekeo na jamaa zake ambao hutaga katika viota vya ndege wengine na kuwaachia malezi. Imependekezwa mara kwa mara tuwaite vimelea. Hapa pana hatari ya kuchanganya mambo. Mwanafunzi wa baiolojia amefundishwa kwamba kimelea huishi juu ya mwili wa kiumbe mwingine au ndani yake, kama mnyoo. Kekeo haishi katika mwili wa yeyote. Anachokiiba ni kazi ya malezi. Kauli ya kutendea inatupatia kutagia, na kwayo tunapata mtagiaji kwa yule anayetaga katika kiota kisicho chake, na mtagiwa kwa yule anayebebeshwa mzigo. Jozi hii ni fupi, na uhusiano wa pande mbili umo ndani yake.

Wa tano unatoka ziwani kwetu. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye husimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitupa majini, huchimba kiota chake katika gema la mto au ziwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hao kwenye Ziwa Viktoria na Ziwa Naivasha nchini Kenya. Aligundua kwamba wazazi husaidiwa kulisha makinda na madume wengine. Baadhi ya wasaidizi hao ni watoto wao wa uzao uliopita, na baadhi si ndugu kabisa. Kwenye Ziwa Viktoria, ambako kupata chakula cha makinda ni kazi ngumu zaidi, wazazi waliwakubali hata wale wasio ndugu. Naivasha, ambako kazi ni nyepesi, waliwafukuza. Mfasiri atamwitaje msaidizi huyo? Yaya hafai, kwa kuwa yaya huajiriwa. Msaidizi peke yake ni pana mno. Tunapendekeza mlezi mwenza, kisha tutenganishe mlezi mwenza wa ukoo na mlezi mwenza mgeni. Bila ya utengano huo matokeo yote ya utafiti hupotea katika tafsiri, kwani hoja yake imo hasa katika tofauti baina ya hao wawili.

4. Kijito, ukingo na kichaka

Sasa tuje kwenye mahali wanapoishi ndege hao, maana hapa ndipo kosa la istilahi huweza kumgharimu mtu shamba au kuugharimu mto msitu wake. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Katika Kiswahili cha kila siku neno ukingo lina maana pana: laweza kuwa pale maji yanapoishia leo, pale yanapofika wakati wa mafuriko, au juu ya gema. Katika bonde la Ngono, ambalo hufurika na kuwa kinamasi kipana wakati wa masika, tofauti baina ya maana hizo si ya hatua chache. Mwenye kibanja cha migomba huenda akawa nje ya mpaka kwa maana moja na ndani yake kwa maana nyingine. Hatuwezi kumlaumu mkulima, wala afisa, ikiwa neno lenyewe halijafungwa. Tafsiri rasmi haina budi kuamua: ama ukingo wa maji ya kiangazi, ama ukingo wa mafuriko.

Neno kijito nalo hukosewa. Baadhi ya wafasiri, wakisoma maandishi ya kigeni, hutumia hori kwa kila mkondo mdogo. Hori ni mkono wa bahari unaoingia barani; Kanoni hauwezi kuwa hori hata kidogo. Kijito au mto mdogo yatosha.

La mwisho na zito zaidi ni kichaka na pori. Ripoti nyingi za maendeleo huuita ukanda wa miti ulio kando ya mto vichaka, au husema eneo ni pori. Maneno haya mawili, kwa Mtanzania wa leo, hualika panga. Kufyeka kichaka ni usafi, na kulima pori ni maendeleo. Ukanda huohuo ukiitwa msitu wa kando ya mto, msomaji huuliza kwanza una faida gani. Na faida zipo: mizizi yake hushika udongo wa gema, kivuli chake hupoza maji, na ndege wa msituni hupita humo kutoka eneo moja kwenda jingine. Hatusemi kwamba istilahi peke yake huokoa miti. Twasema kwamba afisa anayeandika pori amekwisha kutoa hukumu kabla ya kikao cha kata kukaa.

5. Nafasi ya Kihaya na lugha jirani

Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi hutaka tutazame kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, ndipo tuende mbali zaidi. Kagera imekwisha kutoa ushahidi kwamba utaratibu huu hufanya kazi. Neno ngeli, ambalo hakuna mwalimu wa sarufi awezaye kufundisha bila ya kulitaja, limetoka Kihaya. Vivyo hivyo wasomi wa matumizi ya ardhi wamezoea kuandika kibanja kwa shamba la migomba lililozunguka nyumba na rweya kwa uwanda wa majani. Kama Kihaya kiliweza kutupatia neno la kuainisha nomino zote za Kiswahili, kwa nini kisiweze kutupatia majina ya ndege wa Minziro ambao Mswahili wa pwani hakupata kuwaona?

Hapa tahadhari yahitajika. Mkoa wa Kagera una Kihaya, Kinyambo, Kizinza, Kihangaza na Kishubi, na jina moja laweza kumtaja ndege huyu mahali hapa na ndege mwingine mahali pale. Kwa hiyo jina lisikusanywe mezani. Mkusanyaji aende na darubini, kinasa sauti na picha. Amwoneshe mvuvi, mkulima na mwindaji wa zamani ndege mmoja kwa nyakati mbalimbali, na aandike jina la kisayansi pembeni ili pasiwe na ubishi kuhusu ndege anayezungumzwa. Pale lugha mbili zinapokubaliana juu ya jina moja, jina hilo lipewe nafasi ya kwanza.

Wapo wanaosema kwamba jina la Kilatini linatosha na kwamba juhudi hizi ni kupoteza wakati. Kwa mtaalamu anayemwandikia mtaalamu mwenzake, hoja hiyo ni ya kweli. Lakini mlinzi wa msitu hatoi taarifa kwa Kilatini, na shahidi hahojiwi mahakamani kwa Kilatini.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba upungufu wa istilahi za ndege hautokani na umaskini wa lugha. Unatokana na fasili zilizoegemea rangi, majina yaliyofasiriwa kutoka vitabuni, na vitenzi vyetu vilivyoachwa bila ya kupangwa. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wahariri wa kamusi wazipitie upya fasili za ndege kwa vipimo vinne tulivyovitaja. Pili, iundwe kamati ndogo ya wanaistilahi, wataalamu wa ndege na walimu, ianze na ndege wa misitu ya Kagera kabla ya kwenda mikoa mingine. Tatu, wafasiri wa sheria za mazingira wakubaliane juu ya maana ya ukingo, kinamasi na msitu wa kando ya mto kabla tafsiri hazijachapishwa, kwa kuwa neno likisha kuingia katika sheria kulitoa ni kazi ya Bunge. Walimu na maafisa walioko Bukoba, Muleba na Missenyi ambao wanayo majina yaliyokwisha kuhakikiwa kwa kumtazama ndege mwenyewe wanaombwa kuyaleta, pamoja na mahali na msimu walipoyasikia.